Aliyeibeba Cherehani

Étienne alikuwa na sentensi moja ambayo watu wa Kikula, mtaa wake mjini Likasi, walikuwa wameichoka: kitabu hiki ni cha watu wazima. Alimwambia kinyozi, alimwambia muuza makaa, alimwambia hata katekista aliyempongeza kwa kuwafikiria watoto wa katekesi. Wala kosa halikuwa lao. Likasi nzima ilimjua kama mchoraji wa mabango: vichwa vya wanawake waliosukwa mbele ya saluni, kuku wa kuchoma mbele ya baa, jino kubwa lenye mizizi mbele ya mganga wa meno. Mtu wa namna hiyo akikuambia anatengeneza kitabu cha picha, utawaza nini kama si sungura na simba waliovaa suruali?

"Bédé? Njo bintu ya batoto, papa Étienne," kinyozi alimwambia. "Muntu mukubwa anasomaka journal."

"Hii ni ya bantu bakubwa. Iko na mambo ya kweli ndani."

"Ya kweli, na picha?"

Hapo Étienne alikuwa anakata tamaa, analipia nywele zake na kwenda zake.

Kilikuwa na kurasa tisini na sita. Alikichora kwa miaka mitatu, kwa brashi na wino mweusi, asubuhi kabla ya kwenda kwenye mabango na Jumapili baada ya misa. Alichora mgongoni mwa ramani za zamani ambazo kampuni ya migodi ilizitupa ilipofunga ofisi yake ya wachoraji. Zilikuwa karatasi nene, nzuri, zisizonywa wino. Upande mmoja kuna mashimo ya shaba iliyokwisha kuchimbwa, upande wa pili kuna watu wake. Franck, kijana wa Lubumbashi anayechapisha vitabu vya aina hiyo, alitazama kurasa kumi za kwanza akiwa amesimama, kisha akaomba kiti. Ndiye aliyemfundisha kusema roman graphique, yaani riwaya ya michoro, ila Étienne aliona haya kulitamka neno hilo mbele ya muuza makaa. Jumamosi saa sita mchana Franck angekuja kuchukua kurasa zote azipeleke kwa mpiga chapa.

Kitabu kilihusu mwaka ambao Likasi haiutaji kwa tarakimu. Watu husema tu ile mwaka ya gare, yaani ya stesheni, na wanaojua huangalia chini. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Familia zenye asili ya Kasai, ambazo babu zao waliletwa kuchimba shaba na kushika kalamu za kampuni, ziliambiwa kwamba ni wageni na ziondoke. Watu walifukuzwa kutoka nyumba walimozaliwa. Wakajazana stesheni chini ya maturubai, wiki baada ya wiki, wakingoja treni ya kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Étienne alikuwa na miaka kumi. Kwao ni watu wa hapahapa Katanga, kwa hiyo hakuna aliyemfukuza. Alibaki, akaenda shule, akakuta madawati yamepungua watoto. Jambo hilo lilimkaa kooni miaka thelathini, na mwisho akafanya anachojua kufanya.

Mkabala na kwao walikuwa wakiishi Papa Michée, karani wa kampuni, na mkewe Mama Bibiane, fundi wa kushona wa barabara nzima. Walikuwa na binti, Jaël, aliyekaa dawati moja na Étienne, na kitinda mimba wao Doudou, aliyekuwa ndiyo kwanza anatembea. Cherehani ya Mama Bibiane ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, nyeusi, yenye maua ya dhahabu ubavuni. Familia ilipofukuzwa, ilikwenda nayo stesheni.

Sasa jioni moja Étienne alitoka shule akaikuta cherehani ile kwao, juu ya meza, imefunikwa kitenge. Hakuna aliyemweleza, naye hakuuliza. Ila alikuwa na macho. Baba yake, Papa Placide, aliyeendesha lori pale machimbo ya chokaa ya Kakontwe, hakukubali tena nguo yake ipite chini ya sindano ile. Suruali ikipasuka, alikaa kizingitini akaishona kwa mkono, mishono mirefu mibaya kama ya gunia, na mkewe yuko ndani anashonea watu. Alifanya hivyo mpaka kufa kwake.

Étienne akajumlisha mwenyewe. Baba ndiye aliyeichukua, na aibu ndiyo iliyomzuia kuigusa. Akachora hivyo. Katika ukurasa wa thelathini na moja Papa Placide yuko stesheni, mbele yake kuna meka iliyojaa unga, Mama Bibiane anapokea huku machozi yanamtiririka, na cherehani iko chini kati yao. Katika ukurasa unaofuata anatembea barabarani na cherehani begani, na kila dirisha lina macho. Franck alisema hizo ndizo kurasa bora za kitabu kizima.

Huku kwetu unga hupimwa kwa meka, yaani kopo la bati, na muuzaji mwenye adabu hulijaza mpaka kilima kisimame juu yake, kisha akaongeza kiganja cha matabishi, nyongeza ya bure. Asiyefanya hivyo hujulikana upesi, na wanunuzi humpita. Étienne alimpenda baba yake, kwa hiyo alimchorea kilima kizuri, kirefu. Alijiambia kwamba hata katika jambo baya mzee hangekosa kuweka kilima.

Kosa lake lenyewe, maskini, ni ambalo mchoraji peke yake angeweza kulifanya. Ilikuwa majira ya mvua na wino haukauki nje, basi Étienne alifunga kamba sebuleni, akaning'iniza kurasa kwa vibanio vya nguo, ya kwanza mpaka ya tisini na sita, ukuta hadi ukuta. Sebule hiyo ni ya mama yake, Mama Madeleine, mwenye miaka sabini na moja, ambaye hakuwahi kukanyaga shule. Étienne hakuwa na wasiwasi. Alijiambia, Mama hajui kusoma. Mtu aliyechosha mtaa mzima kwa kueleza kwamba picha zinasomwa!

Tena cherehani yenyewe aliichora kwa kuiangalia pale nyumbani, wiki mbili nzima, mama yake akiwa ameinama juu yake anashona. Mama Madeleine hakumuuliza kitu. Alidhani anatengeneza bango la fundi fulani.

Ijumaa mvua ilimfukuza Étienne kutoka Panda, alikokuwa akipaka ukuta wa baa. Alifika nyumbani saa saba na njaa yake, akakuta jiko baridi. Mkewe Orpha alikuwa amekwenda Kakanda kwa dada yake aliyejifungua, na bukari, yaani ugali, ya wiki hiyo ilikuwa mikononi mwa mama. Mama alikuwa sebuleni, juu ya kiti cha plastiki, pua karibu na karatasi. Alama za miguu ya kiti zilionekana kwenye vumbi la sakafu: alianza ukurasa wa kwanza karibu na mlango na alikuwa amekivuta kiti kidogo kidogo, ukurasa baada ya ukurasa.

"Mama, haukupika?"

"Nilikuwa nasoma."

Étienne alicheka. Kicheko hicho alikijutia kabla hakijaisha.

"Weye njo unasemaka ni ya bantu bakubwa," mama alisema bila kugeuka. "Minye ni mutoto?" Alinyoosha kidole kwenye ukurasa wa thelathini na moja. "Uyu ni nani?"

"Ni Papa."

"Anafanya nini ku gare?"

"Mama, ni kitabu tu. Mu kitabu tunapangaka mambo..."

"Nakuuliza, anafanya nini?"

"Anakamata mashini ya Mama Bibiane."

Mama Madeleine alifungua kilemba chake, akakifunga upya. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Baba yako hakubebaka ile mashini. Hata siku moja. Ni minye."

Akasimulia akiwa amekaa vilevile, uso kwenye picha. Mwaka ule mishahara ilikuwa haiji, na kila mtu alijua kwamba stesheni vitu vilikuwa vinatoka kwa bei ya bure: vitanda, masufuria, redio. Asubuhi moja Papa Placide alipokwenda Kakontwe, yeye aliweka unga katika beseni, akaweka na meka juu yake, akaenda. Hakwenda kutembelea jirani. Alikwenda kwa sababu alijua jirani ana nini. Alimkuta Mama Bibiane amempakata Doudou, na mtoto alikuwa wa moto, hajala uji tangu juzi yake. Wakapatana meka tatu.

"Na sikuweka kilima," mama alisema. Alinyoosha kiganja cha kushoto, akakipitisha hewani, tambarare. "Nilipanguza na mukono, hivi. Zote tatu. Weye umetia kilima pale. Hakukuwa kilima."

Alirudi na cherehani kichwani, mchana kweupe, na watu walimsalimia njiani kama siku zote. Jioni Papa Placide alipoiona alisema neno moja, rudisha. Naye alijibu kesho. Kesho yake Papa Michée na watu wake walikuwa wamekwisha pakiwa katika treni. Miezi ilipita, habari ikaja kwamba Doudou hakufika Kasai.

"Baba yako hakunipiga, hakunitukana. Alianza tu kushona suruali yake yeye mwenyewe." Mama akageuka kwa mara ya kwanza. "Na weye umeandika ile ni haya yake. Ilikuwa yangu. Alikuwa ananionyesha kila siku."

Étienne alikasirika, tena sana. Alimkasirikia mama yake kwa kukaa kimya miaka yote ile na kuishia kusema leo, siku moja kabla ya Franck. Kisha hasira ikamgeukia mwenyewe, maana alikuwa amechukua miaka mitatu na wino mzuri kumpaka baba yake tope. Akaketi sakafuni chini ya kurasa. Na mtu aliyebanwa hutafuta mlango wa karibu, hata Étienne.

"Tuache vile, Mama. Papa alishakufa, haimuumize tena. Weye uko muzima. Utapita mu barabara, bantu bataangaria uso yako."

"Njo juu ya ile haifai. Umemutupia mambo yangu, na hana kinywa ya kujibu."

"Franck anakuya kesho!"

"Basi saa iko mingi. Tosha baba yako pale, umutoe kabisa."

"Na Mama Bibiane?"

Hilo ndilo lililomtia hofu kuliko yote. Mama Bibiane alirudi Likasi baada ya miaka kumi na moja, mjane, akiwa na Jaël, ambaye sasa ni mwalimu Kolwezi. Anaishi mitaa mitatu kutoka kwa Mama Madeleine, na kila Jumapili wawili hao hukaa benchi moja katika kwaya ya kina mama, wakishikilia pamoja kitabu cha nyimbo ambacho hakuna kati yao anayeweza kukisoma. Kuhusu cherehani hawajawahi kuambiana hata neno. Mama Madeleine huipeleka chumbani kila mgeni huyo anapobisha hodi.

"Bibiane alikuwa pale," mama alijibu. "Ukimuonyesha baba yako na kilima, atajua mutoto wa Madeleine anadanganya. Atajua ni minye nilikufundisha. Ataona ile picha mbele ya bantu ya Lubumbashi. Kesho asubuhi tunamupelekea."

Basi Étienne akatoa karatasi mbili safi. Hakuwa na njia nyingine, na pengine moyoni hakuitaka.

Yeye huchora kwa kuangalia, hawezi kubuni mkono wala shingo. Kwa hiyo mvua ilipopungua alimwomba mama asimame uani. Mama alikunja kitambaa akakiweka kichwani, akainama, akainyanyua cherehani mwenyewe. Étienne alikimbia kumsaidia, mama akamsukuma kwa kiwiko. Akasimama na mzigo wake katikati ya madimbwi, shingo imenyooka, mkono mmoja juu na mwingine kiunoni, mwanamke wa miaka sabini na moja. Étienne alichora upesi. Baada ya dakika kumi alimwambia atue.

"Umemaliza miguu?"

"Bado, lakini tua, Mama. Miguu nitaipanga."

"Usipange kintu tena. Chora."

Akachora miguu. Kisha wakaingia jikoni. Mama alijaza meka kwa unga halisi, kilima kikasimama, kisha akapitisha kiganja. Alikipitisha kwa wepesi wa mtu anayejua kazi yake, na unga uliozidi ukarudi katika beseni bila kumwagika hata chembe. Étienne alimwomba arudie. Akarudia mara nne. Mkono ule ulikuwa umemlisha, umemwogesha, umemfunga kamba za viatu siku ya kipaimara. Aliuchora peke yake, katika fremu moja pana chini ya ukurasa, kiganja cha kushoto juu ya bati, tambarare. Ilimuuma kuuchora, na ndio uliotoka vizuri kuliko mikono yote aliyowahi kuchora. Usoni alimpunguzia mama makunyanzi thelathini. Mama Bibiane alimwacha kama alivyokuwa katika ukurasa wa zamani, na machozi yake.

Asubuhi ya Jumamosi walikwenda kwa miguu, kurasa mbili zimefungwa ndani ya plastiki. Njiani mama alikuwa akimwambia tu akwepe tope. Étienne alikuwa na mkoba wake wa kazi begani kama kawaida yake, na kichwani alikuwa akipanga maneno: kwanza ataeleza roman graphique ni nini, halafu kwamba ni sanaa ya watu wazima, halafu polepole atafika kwenye jambo lenyewe.

Mjukuu, Mimi, aliwafungulia. Mama Bibiane alikuwa mezani akichambua maharage.

"Karibu, voisine," alisema. Miaka yote hiyo hakuacha kumwita hivyo, jirani. "Na papa Étienne pia? Kuko kilio?"

"Hapana, Mama. Niko nafanya kitabu moja, donc, ni bédé, lakini haiko ya batoto..."

"Nilisikia. Kinyozi anakuchekaka. Leta nione."

Alijipangusa mikono kwenye kitenge, kwanza viganja, kisha katikati ya vidole, akapokea ukurasa wa thelathini na moja kabla Étienne hajafika hata kwenye sanaa. Akausogeza kwenye mwanga wa dirisha. Mama Madeleine alibaki amesimama mlangoni.

Mama Bibiane alisoma taratibu. Aligusa turubai. Alimgusa Doudou, akamwacha, akarudi akamgusa tena. Alihesabu meka kwa kidole. Alipofika chini, kwenye fremu ya mkono, kidole kilisimama.

"Njo ile mukono," alisema.

"Voisine," Mama Madeleine alianza, "nilikuya kukuambia..."

"Ngoja. Nasoma bado."

Wakangoja. Mahali fulani kwa jirani redio ilikuwa inataja bei za simiti. Étienne alijikuta akihesabu maharage ya mezani, akajionea haya, mtu mzima wa miaka arobaini na tatu.

"Hapa umekosa," Mama Bibiane alisema hatimaye.

"Wapi, Mama?"

"Pa macho. Minye sikulia."

Étienne aliyakodolea macho machozi aliyoyachora, matone mazuri, kila moja na mwanga wake.

"Mutoto yangu alikuwa anaungua. Muntu mwenye mutoto ya vile hana wakati ya kulia. Niliona bunga, nikafurahi. Nikasema aksanti." Aliuweka ukurasa mezani, kati ya maharage. "Nilisema mara mbili. Ulisahau, voisine?"

Mama Madeleine hakuwa amesahau. Machozi angeyabeba, angebeba hata laana, maana mtu aliyelaaniwa anajua walau kwamba mwenzake ameona alichotendewa. Lakini alipokwisha kupanguza meka ya tatu, Mama Bibiane alimshukuru kwa furaha, kama mtu aliyefanyiwa wema, akamshukuru tena alipoinyanyua cherehani. Kila alipozungusha mpini miaka thelathini yote, ndilo neno alilolisikia. Hilo hakumsimulia hata mwanawe jana yake. Aliketi chini pale pale mlangoni, akajifunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti, na Mimi akatoka jikoni kuangalia kuna nini.

Mama Bibiane hakumwendea. Hakumwambia anyamaze, wala hakumwambia yamekwisha. Alimgeukia Étienne.

"Kama ni ya bantu bakubwa, usitie sukari. Tosha machozi. Andika aksanti."

Mchoraji wa mabango hatoki bila rangi nyeupe. Étienne alisogeza maharage, akafungua mkoba, akafunika tone moja baada ya jingine. Akapuliza mpaka pakauka. Bila machozi uso ule ulibadilika wenyewe: macho makubwa, mdomo umefunguka kidogo, uso wa mtu aliyeona unga. Ilimwia vigumu kuutazama. Juu yake akachora duara la maneno na ndani yake akaandika kwa brashi ndogo, kwa herufi zile zile anazoandikia milango ya saluni: Aksanti, voisine. Aksanti.

Mlangoni kilio kilikuwa kimepungua. Mama Bibiane alirudi kwenye maharage yake.

"Ile mashini," aliuliza bila kuinua macho, "inarukaka bado pa kitambaa nguvu?"

"Inarukaka," Mama Madeleine alijibu chini ya kitenge.

"Ni vis ya chini. Inaombaka kukazwa na kisu. Ungeniuliza." Akatupa jiwe moja dogo sakafuni. "Kesho kutwa, lundi, uilete."

"Nitaileta."

"Asubuhi."

"Asubuhi, voisine."

Mama Madeleine akainuka kwa kushika fremu ya mlango, akaja mezani kwa mara ya kwanza. Alimsimamia mwanawe begani, akauangalia ukurasa kutoka juu mpaka chini kama alivyofanya jana yake, akajiona yeye, akaona mkono wake, akaona uso usio na machozi. Kisha akafika penye duara, na hapo akakwama, kwa kuwa ndani yake hakukuwa na picha.

"Njo hapa imeandikwa?"

"Njo hapa, Mama. Aksanti, voisine. Aksanti ya pili ni hii."

Mama akaweka kidole juu ya neno la pili. Alikikandamiza, akakiacha pale muda, midomo inacheza. Alipokiondoa, wino ulikuwa haujakauka. Neno lilibaki likisomeka, ila pembeni yake palikuwa na kivuli cha kijivu chenye mistari midogo ya ncha ya kidole. Étienne alichovya brashi katika rangi nyeupe, akaiinua, akaitazama. Kisha akaisafisha na kufunga kopo.

Saa sita na robo Franck alikuwa sebuleni kwa Mama Madeleine, anazitoa kurasa kwenye kamba na kuzihesabu. Alipofika kwenye thelathini na moja alisimama. Aliuliza baba amekwenda wapi. Étienne alimwambia baba hakuwepo, alikuwa kazini Kakontwe, na mbele kuna kurasa nne za suruali ambazo atazichora upya na kuzileta Lubumbashi mwenyewe Alhamisi. Franck alinung'unika kidogo juu ya mpiga chapa, kisha akaiangalia ile fremu ya mkono, akaacha kunung'unika. Akasogeza karatasi karibu na miwani.

"Hapa kuko doa. Haiko kintu, ku ordinateur, ku kompyuta yangu, nitaitosha. Dakika mbili."

"Usiitoshe," Étienne alisema.

"Papa Étienne, itaonekana mu kila kitabu."

"Ionekane. Haiko doa. Ni mama yangu alisoma pale."